Mchezo Ambao Haukulazwa

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa nyasi.

Nyasi za namna gani?

— Nyasi zilizompita mtu kimo!

Na ndani ya nyasi mna nini?

— Hatujui, hatujatazama!

Basi kaeni vizuri, leo tutazame. Wewe wa huko nyuma, kunja miguu. Na wewe mwenye karanga, pitisha huku. Msimuliaji akiona njaa hufupisha, shauri yenu.

Hapo kale, kale ambayo hata mimi na mvi zangu sikuikuta, palikuwa na kijiji kikiitwa Nyasini. Upande mmoja mihogo. Upande wa pili kijito. Na upande wa tatu nyasi, zikienda, zikienda, zikienda, mpaka jicho linachoka kuzifuata. Pale uwanja wa kijiji ulipokutana na nyasi, ulisimama mkwaju.

Kijijini hapo aliishi mwanamke aitwaye Siwatu, msukaji wa mikeka. Siwatu alikuwa na binti mmoja tu, Mwanamvua. Kabla yake alikwisha kuzika watoto wawili. Basi mwanamke huyo alilala jicho moja wazi, na mkono mmoja juu ya mtoto.

Watoto wa Nyasini walikuwa na mchezo wao wa kujificha. Mtafutaji anaegemeza paji la uso kwenye mkwaju, anaziba macho, anauliza:

"Nije?"

"Bado!" wanajibu wenzake kutoka nyasini.

"Nije?"

"Bado!"

"Nije?"

"Njoo!"

Hapo ndipo anakwenda kutafuta. Mchezo huu naujua. Utotoni nilijificha vizuri mno, wenzangu wakaenda kula, wakanisahau. Nilipotoka, ubwabwa umekwisha, limebaki ukoko. Tuyaache hayo, yananiuma.

Sasa sikilizeni. Jua likishuka, watoto wa Nyasini hawakuondoka hivi hivi tu. Mtafutaji alipiga gogo la mkwaju makofi, pa! pa! pa! Na wote wakasema, "Mchezo umelala!" Ndipo kila mmoja akaenda kwao. Wakubwa walisikia wakasema ni utoto. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyeuliza: kwani huo mchezo wanamlazia nani?

Siku moja kijana mmoja, Chande, alijificha nyasini akapitiwa na usingizi. Mama yake akapiga yowe. Kijiji kikapinduka juu chini. Wakamkuta anakoroma, siafu wanazunguka masikio yake, hata mmoja hajamuuma. Watu wakacheka. Siwatu hakucheka.

"Leo wa Mama Chande," alisema. "Kesho wa nani?"

Kesho yake alasiri watoto wakacheza tena. Mtafutaji alikuwa Mwanamvua. Akaegemeza uso mkwajuni.

"Nije?"

"Bado!"

"Nije?"

"Bado!"

La tatu hakuliwahi. Mkono wa mama yake ulikwisha kumkamata.

"Basi! Nyumbani! Na nyie humo ndani, tokeni, mama zenu wanawaita!"

"Mama, niache nilaze mchezo."

"Ulaze nini? Mchezo una kope?"

Akina mama wakawakusanya watoto wao, wakawaingiza ndani, wakafunga milango. Komeo la mwisho lilipoanguka, ikasikika sauti kutoka nyasini. Nyembamba. Ya furaha.

"Njoo!"

Akina mama wakageuka, wakatazama watoto. Wote wamo ndani.

"Ni mwangwi," akasema Siwatu.

"Mwangwi wa nani?" akauliza Mama Chande.

"Mwangwi tu, mwenzangu. Kwani mwangwi una baba?"

Basi watoto wakakaa ndani. Na mwanzoni, niwaambie kweli, mambo yalikuwa matamu. Nguo hazichafuki. Miguu haina miiba. Mtoto ukimtaka unamkuta palepale ulipomwacha, kama chungu. Akina mama wakamsifu Siwatu, na Siwatu akasuka mkeka mpana ili Mwanamvua akae vizuri.

Ndipo vitu vikaanza kujificha.

Walianza ndege. Asubuhi moja watu waliamka, kimya. Si kwamba ndege wamekufa, hapana, unyoya haukuonekana. Ni kwamba kila mti ulikuwa kama mtu aliyebana pumzi asicheke.

Wakafuata nyuki. Mizinga mizima, asali imo, mwenyewe hayumo.

Kikafuata kijito. Mama Chande alishuka na ndoo akakuta mchanga mkavu. Alipoinama, akasikia maji, karibu kabisa, yakipita taratibu, kama mtu anayenyata. Akageuka. Hakuna maji. Akaacha ndoo, akaacha viatu, na nusura aache na miguu.

Na kila alasiri, sauti ileile kutoka nyasini: "Njoo!"

Kisha ikaja zamu ya ndani ya nyumba. Kwanza kicheko cha Chande kikapotea. Anafungua kinywa, mabega yanatikisika, hakuna kinachotoka. Kisha vivuli vya watoto vikapotea. Wamekaa mbele ya jiko, moto unawaka, ukuta nyuma yao mweupe. Kisha Siwatu akaanza kumpoteza mwanawe.

Anaingia chumbani, mkeka mtupu.

"Mwanamvua! Uko wapi?"

"Nipo hapa, mama."

Anatazama tena. Yupo, amekaa. Kesho inabidi atazame mara mbili. Keshokutwa inabidi atazame mara tatu, na hiyo ya tatu akodoe macho hasa, ndipo amwone mtoto, hafifu, kama mvuke juu ya chai.

Siwatu akasema, liwalo na liwe. Nitakwenda mwenyewe.

Alikwenda na jembe. Akachimba mchanga wa kijito mpaka akafika kiunoni, anatoka jasho, anatukana. Nyuma ya shingo yake, karibu kama mtu anayekunong'onezea siri, akasikia:

"Bado."

Akageuka, hakuna mtu.

Alikwenda na sinia la wali wa nazi, na chetezo cha ubani. Akatua sinia chini ya mkwaju, akageuza uso kwa adabu. Alipogeuka tena, sinia jeupe, limelambwa hata harufu.

"Bado."

Mnaona? Wali umeliwa, jibu ni lilelile. Nimesafiri nchi nyingi, na hilo nimelikuta kila penye ofisi.

Mara ya tatu alikwenda mikono mitupu. Akapiga magoti kwenye ukingo wa nyasi, akalia. "Nirudishieni mwanangu! Nina huyu tu!"

Nyasi zikatulia. Kisha sauti, taratibu, karibu kwa huruma:

"Bado."

Siwatu akarudi nyumbani, akakaa kando ya mkeka. Hakumwona mtoto kabisa. Alichoona ni ukili wa mkeka ulivyobonyea, mahali pa makalio madogo mawili.

"Mama," sauti ikasema kutoka pale pabonyevu, "nani kakwambia wanatafutwa hivyo?"

"Wanatafutwaje, mwanangu?"

"Kwanza hukuziba macho. Unakwenda umeyatoa kama kaa. Nani atajitokeza mbele ya uso ule? Halafu mtafutaji si wewe. Ni mimi. Wewe ulinivuta mkono kabla sijauliza la tatu. Wao wamejificha tangu siku ile, mama. Wanasubiri watafutwe. Wamechoka, na wakichoka wanatuvuta na sisi tukajifiche nao."

"Kina nani hao?"

"Wale tunaocheza nao."

"Nikutoe? Nikupeleke kwenye nyasi zile? Labda nife kwanza!"

Siwatu akausogelea mkeka.

"Mwanamvua?"

Kimya. Na Siwatu akaona kwa macho yake ukili wa mkeka ukianza kuinuka polepole, ule uliobonyea, kama vile aliyekaa pale anazidi kuwa mwepesi.

Jamani, ninyi mngefanyaje? Siwatu aliinuka, akang'oa komeo, akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Toka, mwanangu! Toka ukacheze!"

Upepo mdogo ukampita magotini. Akauona ukikimbia uwanjani, unatimua vumbi, na kila unyayo ulipogusa mchanga mtoto akazidi kuonekana: kwanza visigino, kisha vigimbi vya miguu, kisha gauni, kisha kichwa chenye mabutu mawili. Mama Chande akafungua naye. Na wa pili, na wa tatu. Kijiji kizima kikatema watoto.

Mwanamvua akaegemeza uso mkwajuni.

"Nije?"

Kutoka nyasini, sauti nyingi, za kila aina, nyingine nzito, nyingine kama za vyura:

"Njoooo!"

Wakaingia. Akina mama wakabaki uwanjani, wameshikana mikono, wanasikiliza.

"Nimekuona, ndege, kwenye kichuguu!" Na ndege wakaruka kutoka ardhini kama moshi.

"Nimekuona, nyuki, ndani ya mfupa!" Na nyuki wakavuma.

"Nimekuona, kijito! Umemkalia chura!" Na maji yakaja mbio mkondoni yakichekelea, na ndani ya kelele zile Mama Chande akasikia kicheko cha mwanawe, akakaa chini papo hapo akalia.

Watoto wakatoka nyasini, wamechanika, wamejaa matope, vivuli vimewaganda miguuni. Siwatu akanyoosha mikono. Ndipo sauti ikasema:

"Zamu yetu."

"Zamu ya nani?" akauliza Mama Chande.

Gome la mkwaju likabonyea, mahali pa juu ambapo mtu hafiki, kama vile paji la uso, pana, limeegemea pale.

"Ni haki yao, mama," akasema Mwanamvua. "Sasa tunajificha sisi. Na usiniite. Ukiniita mchezo unaharibika, na safari iliyopita umeona."

Wakakimbia kujificha, wanasukumana, wanacheka! Moyo wa mtoto ni kitu cha ajabu. Sisi wakubwa tungekuwa tumeshafika wilaya ya pili.

"Nije?" ukasema mkwaju.

"Bado!"

"Nije?"

"Bado!"

"Nije?"

"Njoo!" wakasema watoto, na sauti ya Mwanamvua ilikuwa juu ya zote.

Upepo haukuwapo. Hata hivyo nyasi zikagawanyika, njia pana, ikaenda ndani. Ikapinda. Ikasimama. Ikapinda tena. Akaja mtoto wa kwanza, amepatikana, kwenye paji la uso ana unyevu kama umande. Akaja wa pili. Akaja Chande. Jua linashuka. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na umande wake. Mwanamvua hakuja.

Njia ya nyasi ikazunguka. Ikasimama. Ikarudi ilikotoka.

"Mwite, Siwatu!" akanong'ona Mama Chande. "Mwite mwanao, mwenzangu!"

Siwatu alikwisha kutia pindo la kanga kinywani. Alilitafuna. Jina la mwanawe lilimpanda mpaka kwenye meno, akalimeza. Likapanda tena, akalimeza. Mara ya tatu lilipopanda aliuma mpaka pindo likalowa damu.

Ndipo nyasi za mbali zikalipuka. Mwanamvua huyooo, anakuja mbio, na nyuma yake nyasi zinalala kama maji yanayomfukuza! Anakimbia. Zinakaribia. Anakimbia. Zinamgusa kisigino. Akajirusha, mikono mbele, akalipiga gogo:

Pa! Pa! Pa!

"Mchezo umelala!" wakapiga kelele watoto wote.

Nyasi zikasimama wima. Na kutoka ndani kabisa, sauti zile nyingi, zimejaa usingizi, zikaitikia:

"Umelala."

Jioni hiyo kijiji kilipika uji uwanjani, uji wa wote. Kila mama akaleta mabakuli ya watoto wake, bila kuzidisha, bila kupunguza. Watoto wakakaa duara. Wakagawiwa.

Bakuli likapungua moja.

Wakagawa upya. Likapungua moja.

"Nani kaja na mtoto wa kijiji cha jirani?" akauliza Mama Chande.

Hakuna. Wakawatazama watoto, sura moja baada ya nyingine. Mgeni hayumo. Kila mtoto wanamjua, kila mtoto ana mama anayesema huyu ni wangu, kila mtoto anajua kwao mlango uko wapi na mama yake hukoroma vipi. Wote wachafu, wote wana njaa, wote wamelowa umande. Na bakuli limepungua moja.

Siwatu akamshika Mwanamvua kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa moto.

"Wewe ni wangu?"

"Mama nawe! Swali gani hilo?" Akacheka, na kicheko ni chake, na jino lililovunjika ni lake. Siwatu akamwachia kidevu. Kisha akampa bakuli lake yeye mwenyewe, na hakuna mtoto aliyekosa uji.

Kulipopambazuka, Mama Chande alimkuta Siwatu tayari amefungua mlango.

"Umemjua aliyezidi ni nani?"

"Sikumjua."

"Labda ni wako."

"Labda ni wako, Mama Chande."

"Sasa tufanyeje, ndugu yangu?"

Siwatu akamfuata kwa macho Mwanamvua aliyekuwa akikimbilia nyasini, hajanawa hata uso.

"Fungua mlango," akasema. "Wangu akiwa wangu, atarudi kula. Na kama ninayemlea ni wa kwao, basi mimi sitamfungia. Ana mama yake huko. Sitaki mama huyo aje kumfuata ndani."

Tangu siku hiyo hakuna komeo Nyasini kabla ya magharibi.

Hadithi yangu nimeitua hapa chini, anayeitaka aiokote. Utamu wake chukueni ninyi, uongo wake niachieni mimi, nina mahali pa kuuweka. Inukeni sasa, mwende mkacheze. Ila kabla hamjainuka, kila mmoja amshike mkono jirani yake, amuulize mama yake ni nani.