Swichi ya Ubavuni

Tulieni wapendwa. Na wewe mama wa pale nyuma, zima hiyo simu, nimeshaanza.

Kulikuwa na binti mmoja anasoma digrii ya uuguzi. Chuo chenyewe kikubwa mpaka ukitoka bwenini na viatu vipya, unafika darasani visigino vimeisha! Vitabu vyao? Kimoja kikikuangukia mguuni unalazwa wewe. Huyu binti alivimeza vyote. Ukimwamsha usingizini anakutajia mifupa kuanzia unyayoni mpaka utosini, halafu anaendelea kukoroma.

Sasa pale chuoni kuna mdoli wa kujifunzia, mkubwa kama mtu mzima. Unachomeka umeme, unabonyeza swichi ubavuni, mapigo yanaanza kudunda mkononi. Binti alizoea hivyo: kwanza swichi, halafu vidole, halafu saa. Umeme ukikatika, mdoli anakata roho. Ukirudi, anafufuka. Mnacheka? Hata wao walikuwa wanacheka.

Siku ya mtihani wa vitendo wakapelekwa wodini. Akifeli hapo anarudia mwaka mzima, wenzake wanamwacha. Jasho lilimtoka binti yule, ungeweza kufulia shuka za wodi nzima! Kitandani alikuwa bibi mmoja mwembamba, macho makali.

"Shikamoo bibi. Naomba nikupime mapigo."

"Marahaba mjukuu wangu. Pima."

Kwa woga, mkono ukaenda wenyewe ulikozoea. Ubavuni! Bibi akaruka.

"We! Mbona unanitekenya? Unatafuta nini huko?"

"Swi... swichi, bibi."

Wenzake walicheka mpaka vitanda vikatembea. Bibi akawaambia, "Mimi nimezaliwa umeme haujafika kwetu. Swichi mtaitoa wapi?"

Madamu aliyekuwa anawasimamia hakucheka. "Endelea," akasema.

Binti akaushika mkono wa bibi. Akayasikia mapigo. Wapendwa, vidole viliganda pale pale. Saa inakwenda, yeye wala haitazami. Machozi yanamtiririka.

"Mapigo mangapi?" Madamu ameshika kalamu.

"Sijahesabu, madamu."

"Hujahesabu! Unataka kurudia mwaka?"

"Madamu, yanadunda. Na hakuna aliyeyawasha."

Huyo madamu amepima watu maisha yake yote, ukiwapanga mstari wanafika ng'ambo ya bahari! Kalamu ikashuka. Halafu taratibu, bila kumwangalia mtu, akakishika kifundo cha mkono wake mwenyewe.

"Anza upya, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Safari hii hesabu."

Akahesabu. Akafaulu.

Haya, sasa sisi! Umeme ukikatika dakika mbili tu, mtaa mzima tunapiga kelele kama tumevamiwa na simba. Na huu uliomo kifuani je? Tangu uko tumboni kwa mama yako haujakatika. Jana umelala, umekoroma mpaka mbu wakahama nyumba, nani alikuwa anakulindia moyo wako? Ulimwambia asante? Au ulifungua macho ukaanza kulalamika chai imepoa?

Hebu kila mtu ashike mkono wake. Mzee wa kanisa, hapo umeshika saa, sogea chini ya kidole gumba. Eeh, hapo. Nyamazeni kabisa.

Mmeyasikia?

Haya, nani kati yetu ameyawasha?