Pawatila Iliyozimika Kabla ya Zamu ya Maji

Kaeni vizuri, wapendwa. Na nyie wa viti vya nyuma mnaoangalia saa, shusheni mikono, leo sitawachelewesha.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa mpunga, kule kwenye mifereji ya umwagiliaji. Mnaolima huko mnajua sheria yake: maji ni ya zamu. Mwenyekiti wa mfereji anakupa siku zako tatu. Zikikukuta hujalima, maji yanakwenda kwa jirani, na wewe unabaki kuyasikia tu yakipita. Zamu ya huyu bwana ilikuwa imebakiza siku sita, na majaruba yake manne, vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo, yalikuwa makavu, magumu, hayajaguswa. Mkewe alishamwaga mbegu kitaluni na miche imeshaota. Chakula cha mwaka mzima cha nyumba ile kilikuwa kwenye kile kitalu.

Alikuwa na pawatila, yale matrekta madogo unayotembea nyuma yake umeshika mikono miwili. Ya mtumba, kuukuu, ndiyo kwanza ameinunua, hata rangi yake ya mwanzo huijui. Akaifunga rota, ile yenye meno ya kuchambua udongo, akazungusha hendeli, ikanguruma. Moyo ukatulia. Akalima dakika kumi, ikazimika. Akafungua mfuniko wa tangi akachungulia: dizeli tele. Akafunga, akazungusha hendeli, ikawaka. Dakika kumi, kimya tena. Jamani! Ingekuwa wewe ungefanya nini? Akaegesha, akatoa spana.

Siku ya kwanza akafungua nozeli inayopulizia dizeli kwenye injini, akaisafisha kwa mswaki. Ikazimika. Siku ya pili akaishusha pampu, akaipandisha. Ikazimika. Siku hiyohiyo jioni akasema, "Hii inakosa pumzi," akaling'oa chujio la hewa, akalitupa kwenye majani. Mlio ukawa mkubwa, akajipongeza. Ikazimika. Siku ya tatu akasema mzigo ni mzito, akachukua msumeno wa chuma, akakata nusu ya meno ya rota. Meno yenyewe, wapendwa! Akarudi shambani na lile vumbi lote linaingia moja kwa moja kwenye injini. Ikazimika.

Siku ya nne mkewe alimletea uji, akasimama pembeni akiangalia. Akamwambia taratibu, "Baba Subilaga, mbona kila ukifungua ule mfuniko wa tangi ndipo inawaka?"

"Inawaka kwa sababu imepumzika," akajibu bila kugeuka. "Wewe angalia miche yako."

"Basi tuwaombe majirani waje na majembe. Hata jaruba moja tu tupate."

"Watu wanicheke? Niwe na mashine, halafu niite majembe?"

Mama wa watu akachukua bakuli lake, akaondoka. Mnatikisa vichwa, naona. Tikiseni, lakini vihifadhini, mtavihitaji baadaye.

Siku ya tano akamwita fundi kutoka mjini. Fundi hata kisanduku cha vifaa hakukifungua. Akasema, "Washa." Wakasubiri. Ilipozimika, akauzungusha ule mfuniko wa tangi, na tangi likavuta hewa, fyuuu! Akaugeuza mfuniko. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mpira wa tyubu, kimekatwa duara, kimebanwa vizuri kabisa.

"Huu mpira kaweka nani?"

"Mimi," akasema mkulima. Aliuweka siku alipoinunua, maana mfuniko ule ulikuwa na kitundu, na barabarani dizeli ilikuwa inarukia suruali yake.

"Kaka, kwenye kile kitundu ndipo tangi linapovutia hewa. Ukikiziba, dizeli inagoma kushuka. Ukifungua, inashuka. Ugonjwa wote ndio huu."

Yule bwana alicheka mpaka machozi. Alikaa chini kwenye mabonge ya udongo akacheka kama mtu aliyefiwa halafu akaambiwa marehemu amekaa kitandani anaomba chai. "Siku tano! Ubandue basi, fundi, tuwashe! Leo na kesho nalima mpaka nidondoke!"

Fundi akaubandua. Wakawasha. Ikanguruma, haikuzimika. Lakini rota ilipogusa udongo tu, ikaanza kukohoa moshi wa bluu na nguvu zikaisha. Fundi akainama, akatia kidole pale hewa inapoingilia, kikatoka na vumbi. "Chujio liko wapi?"

"Nililing'oa."

"Na meno?"

"Niliyakata."

Fundi akajifuta kidole. Akasema, "Kaka, ule ugonjwa nimeutoa kwa kidole. Hizi dawa zako ndizo zimeiua. Silinda imelika. Mimi hapa sina la kufanya."

Akapanda pikipiki, akaondoka. Majirani nao kufikia siku ile walikuwa kwenye zamu zao, majembe yote yako matopeni. Maji yakaja, yakapita. Mnataka niwaambie mvua ilinyesha? Haikunyesha. Mnataka niwaambie mwenyekiti alimwonea huruma? Sheria ni sheria. Miche ikarefuka kitaluni mpaka ikawa njano, na yule mama akaufungua mlango wa banda, akawaacha mbuzi waile.

Sasa tusemezane. Yule bwana hakuwa mvivu. Alishuku nozeli, akashuku pampu, akashuku chujio, akashuku rota, na maneno ya mkewe akayadharau. Kila alichokikuta kwenye mashine ile alikishuku. Kitu kimoja tu hakukishuku: kile alichokiweka kwa mkono wake mwenyewe.

Sisi je? Mtoto hasemi nawe miaka miwili, unasema ni marafiki, ni simu, ni upande wa mama yake. Umemhamisha shule mara tatu, umemchapa, umemwombea. Nani alimwambia mezani asifungue mdomo? Kanisa hili je? Viti vitupu hivi hamvioni? Tumebadilisha kwaya, tumenunua spika, tumehamisha ibada kutoka saa tatu kwenda saa moja. Tunazidi kuzimika. Nani alisema yule binti, Tusekile, asikanyage hapa na tumbo lake, kwa sababu eti tunazuia aibu isiingie? Alitoka, na mama yake akatoka, na wenziwe wa kwaya wakatoka mmoja mmoja, na sisi tukaenda kununua spika.

Sasa vile vichwa havitikisiki tena.

Barua ya kumtoa Tusekile ilisomwa na mimi. Nilisimama hapahapa, kwa sauti hii hii, nikaikunja nikaitia mfukoni, nikatangaza sadaka. Ni miaka sita sasa. Nisiwadanganye, wapendwa, sijui kama kuna kinachoweza kuokolewa. Mtoto wa Tusekile ameshaanza shule, na hajawahi kuingia kanisani.

Leo hatuimbi wimbo wa kufunga. Anayejua Tusekile anaishi wapi siku hizi, anikute hapo nje.