Nani Abebe Chungu cha Nakiete

Hapo zamani, kabla sufuria hazijapanda huku kwetu milimani, palikuwa na wanawake watatu wafinyanzi. Mmoja Nanzia, wa pili Mbazi, wa tatu Sikudhani. Walichimba udongo pamoja, wakafinyanga pamoja, wakachoma pamoja. Ukimwona mmoja sokoni, geuka tu, wenzake wako nyuma wanabishania ndizi.

Sasa kijiji kile kilikuwa na mila yake. Binti akiolewa, chungu anachokwenda nacho kwa mume hakinunuliwi. Mama yake anakifinyanga, na anakichoma pamoja na rafiki zake. Akikichoma peke yake, kule ukweni watasema binti huyu hana watu. Na mwenye kinyongo hasogei motoni. Waliokosana lazima kwanza wasukutue maji ya kibuyu kimoja, wateme chini. Ukitema na moyo bado una kinyongo, vyungu vinapasuka. Ndivyo walivyoamini.

Basi Nakiete, binti wa Nanzia, akachumbiwa. Mbazi, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akasema kisimani mbele ya watu: "Ataenda kupika nini yule? Mama yake mwenyewe ugali wake una madonge ya kuulia ndege!"

Watu wakacheka. Mbazi naye akacheka, alikuwa anatania. Lakini maneno yakatembea mpaka kwa mama wa bwana harusi, na yule mama akatuma mtu kuuliza kama posa irudishwe.

Nanzia hakuuliza. Alikwenda kwa Mbazi, akakuta vyungu saba vibichi vimeanikwa uani. Akavikanyaga. Hiki, na hiki, na hiki, vyote saba. Kazi ya mwezi mzima, wanangu. Mwishowe posa haikurudishwa, ila wale wawili hawakusalimiana tena. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini.

Zikabaki siku nne harusi ifike. Chungu cha Nakiete kimekauka, na hakina wa kukichoma.

Sikudhani akaenda kwa Mbazi. "Mbazi, Nanzia kanituma. Analia. Anasema umsamehe vyungu vyako."

"Nanzia? Analia?"

"Macho yamemvimba hivi!"

Akatoka hapo mbio mpaka kwa Nanzia. "Nanzia, Mbazi kanituma. Halali usingizi. Anasema umsamehe mdomo wake."

"Mbazi huyuhuyu?"

"Huyuhuyu."

Uongo mtupu. Hakuna aliyetuma mtu, wala hakuna aliyelia.

Asubuhi wakakutana. Kibuyu kikapita. Nanzia akasukutua, akatema. Mbazi akasukutua, akatema. Wakapanga vyungu sita vya Nanzia, kimojawapo kile kikubwa cha Nakiete, kikakaa katikati, wakafunika kuni na majani, wakawasha. Moto ule unataka watu watatu, kila mtu na upande wake, anatia majani bila kuacha. Upande mmoja ukilegea, upepo unaingia, vyungu vinakwisha.

Moto umeshika, Nanzia kwa furaha akasema: "Mbazi, mwenzangu, uliponiomba radhi ndo nikapata usingizi."

Mbazi akasimama. "Nani kakuomba radhi?"

"Si wewe?"

"Mimi? Si wewe uliyelia mpaka macho yakavimba!"

"Nimlilie nani?"

Wakageuka wote wawili, wakamtazama Sikudhani. Sikudhani akatazama majani yaliyo mkononi mwake.

Paa! Chungu cha kwanza kikapasuka motoni.

"Umetutemesha maji ya uongo!" Nanzia akatupa majani, akamrukia Sikudhani, akamkaba nguo shingoni. Pande mbili za moto zikabaki hazina mtu. Upepo ukaingia. Paa! Cha pili. Paa! Cha tatu.

Mbazi angeweza kwenda zake. Nani angemlaumu? Motoni hakuwa na hata kigae chake. Lakini alibeba majani, akatia upande wake, akakimbia upande wa Nanzia, akakimbia upande wa Sikudhani, akazunguka, akazunguka, mpaka moto ukamlamba mkono wa kulia. Akapiga kelele: "Nanzia! Sikuombi radhi, usidhani nakuomba! Ila Nakiete nilimpokea mimi siku anazaliwa, na chungu chake hakipasuki nami nipo hapa. Rudi upande wako!"

Nanzia akamwachia Sikudhani. Akauona mkono wa Mbazi umebabuka. Akaokota majani, akarudi upande wake, Sikudhani naye wake. Wakalisha moto. Paa! Cha nne. Paa! Cha tano. Ndipo Nanzia akasema: "Mbazi. Vile vyungu saba, nilikosa. Na hili sijatuma mtu alilete."

Mbazi akatia majani. Akatia tena. Mwisho akasema: "Ugali wako una madonge kweli. Lakini sikutakiwa kuyasema kisimani."

Wote watatu machozi yakawatoka. Walisema ni moshi.

Moto ulipopoa, vyungu vitano vilikuwa vigae. Kimoja kizima, ukikigonga kinalia kama kengele. Cha Nakiete.

Siku ya harusi ikafika. Na mila ile ilisema, chungu cha bibi harusi anakibeba kichwani mwanamke ambaye bila yeye kisingefika. Ndiye anatangulia msafara, ndiye anakaribishwa mkekani wa kwanza, na bibi harusi mwenyewe ndiye anayemtaja. Mikono mitatu ikakishika kwa pamoja.

Sikudhani akasema: "Nisingedanganya, mpaka leo mngekuwa mmenuniana, na hiki kingekuwa udongo mkavu. Nani aliwafikisha motoni?"

Mbazi akainua mkono wenye kidonda. "Uongo wako ndo uliovunja vitano! Hiki kimoja kimelipiwa na ngozi yangu."

Nanzia akasema: "Wewe uliokoa chungu, sawa. Na urafiki je? Nani alitamka 'nilikosa' wa kwanza? Nisingetamka, mwanangu angeondoka na chungu kizima na watu hana."

"Na nani alinikanyagia vyungu vyangu?"

"Na nani alianza kisimani?"

"Jamani, kitaanguka!" Sikudhani akalia, na yeye mwenyewe hakukiachia.

Kutoka njiani mama mkwe, aliyekuja kumchukua bibi harusi, akaita: "Kuna nini huko? Jua linapanda!"

Nakiete amesimama mlangoni. Anawatazama mama zake watatu, sauti zimeanza kupanda, na chungu kinayumba. Lazima ataje jina moja, sasa hivi.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msitazamane. Je, nani alistahili kukibeba?