Duanye na Monsenyeri

Wazee waliotuachia methali ya zimwi hawakuwa wakilisifu zimwi. Zimwi lina meno na lina njaa, wala hakuna aliyewahi kulialika harusini. Walichotaka kutuambia ni kwamba mbaya aliyekuzoea atakuuma na kukubakiza, lakini mbaya mgeni, hata akija na sura ya upole, anaweza kukumaliza mpaka mifupa. Asiyeamini na amwulize Mama Albertine wa mtaa wa Naviundu, Lubumbashi. Ila amwulize kwa adabu, maana hasira zake mpaka leo hazijapoa.

Mama Albertine alikuwa na terasi ya kuuzia bukari, yaani ugali, na bia. Kilichojaza viti vyake hakikuwa bukari, kwani bukari hupikwa kila nyumba. Kilikuwa kisanduku cha kioo kilichokaa juu ya kaunta: maji ya chumvi madebe matano, mawe ya baharini, na samaki walioletwa na malori kutoka Daresalaam, wakapita Zambia yote mpaka mpakani Kasumbalesa. Watu wa Lubumbashi, ambao bahari kwao ni habari ya kusimuliwa, walikuja kutazama. Na kila aliyetazama maji alishikwa na kiu. Kisanduku kile kikifa, terasi nayo ingekufa. Jambo hilo mtaa mzima ulilijua.

Ndani yake waliishi samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mume na mke, pamoja na kamba mwekundu mwenye masharubu marefu. Wa nne alikuwa samaki mdogo mweusi, mkali kama siafu. Wateja walimwita Duanye, yaani afisa wa forodha, kwa kuwa hakuna kilichopita mbele ya jiwe lake bila kukaguliwa. Aliwang'ata wenzake mikia Jumatatu, mikia ikaota, akaing'ata tena. Lakini kwa miaka miwili hakuwa ameua hata mmoja.

Jumapili moja, baada ya misa, jirani aliyeitwa Joëlle alileta wageni wa ubatizo wa mwanawe. Mama Albertine, kitenge kipya kikimkaa vyema, alitia mkono majini ili awaonyeshe wageni yule kamba. Duanye akaruka kama cheche, akamng'ata kidole. Mama akauvuta mkono kwa nguvu, na maji ya chumvi yakamwagikia keki ya mtoto.

Wageni waliangua kicheko. Joëlle, akipangusa keki yake, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama Albertine, hata samaki yako inakukataa?"

Damu ilimchemka Mama Albertine kama maji ya bukari. Alicheka na wageni kwa meno tu. Walipoondoka, alichukua chujio, akamvua Duanye na kumtia kwenye mfuko wa plastiki wenye maji.

Wifi yake Kalaba, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akitunza kisanduku. "Wifi, acha hasira ishuke kwanza," alimwambia. "Ule iko mubaya, lakini iko mubaya yetu. Benzake banamujua, naye anabajua."

"Miye njo mwenye nyumba, hapana ule kidudu," Mama Albertine alijibu. "Na weye, tangu kaka yako alikufa, unatetea kila mwenye kuniuma."

Kesho yake alifika na mfuko wake mjini kwa Jean-Claude, muuza samaki wa mapambo. Hapo macho yake yakatua juu ya samaki mmoja aliyetulia pembeni, nusu ya mwili zambarau, nusu njano. Zambarau ile ile anayovaa askofu akija kutoa kipaimara. Mama Albertine alikaribia kupiga ishara ya msalaba.

"Uyu njo Monsenyeri," Jean-Claude alisema. "Tangu afike, hata kugombana na kivuli chake hajagombana."

Hakusema uongo. Ila samaki yule alikuwa amefika juzi tu, na mgeni ambaye hajaonyeshwa choo huwa mpole siku zote. Wakabadilishana, Duanye akabaki dukani, Monsenyeri akaenda Naviundu.

Kalaba alimtazama mgeni kwa muda mrefu. "Ule mudomo hapana wa kula majani," alisema. "Samaki habachaguliwe kwa rangi, wifi. Kisanduku iko kidogo. Tumuweke mbali kwanza, tumuchunguze. Akiingia, tuhamishe mawe yote, kila mutu akuwe mugeni."

"Askofu hapangiwi chumba na mpishi," Mama Albertine alimkata. Akamwachia Monsenyeri majini siku hiyo hiyo, tena akampa jiwe la Duanye, lililokuwa kubwa kuliko yote, kama mtu anayempisha mgeni wa heshima kwenye kiti cha mbele.

Siku ya tatu kamba hakuonekana. Yalionekana masharubu tu, yakielea. Siku ya tano mume wa chungwa alikuwa juu ya maji, mapezi yameliwa mpaka miiba, akihema. Mama Albertine alilaumu chumvi, akalaumu umeme, akalaumu jicho la Joëlle. Alipiga kioo kwa kiganja mpaka wateja wakashika chupa zao. Siku ya nane mume yule alikufa mbele ya viti vilivyojaa, na mama mmoja akamgeuza mtoto wake asione.

Kabla maiti haijatolewa, Jean-Claude aliingia akitweta, mfuko wa plastiki mkononi, Duanye ndani yake.

"Mama, kamata zimwi yako," alifoka. "Nilimuweka na samaki yangu, ameua bane." Akanyoosha vidole vinne. "Bane! Uliniletea muuaji."

"Weye njo uliniletea muuaji, tena umemuvalisha zambarau," Mama Albertine alifoka vilevile. "Ule wako amemaliza nyumba yangu. Uyu wangu alikuwa anauma mikia tu."

"Kwako," Kalaba alisema polepole. "Kwa Jean-Claude alikuta batu bageni, habajue."

Ilibidi Kalaba atoe mawe yote ndipo Monsenyeri akamatwe, naye hakuondoka bila kumng'ata. Mawe yakarudishwa kama yalivyokuwa. Duanye akaachiwa majini, Monsenyeri akatiwa mfukoni mwake.

Mke wa chungwa, aliyebaki peke yake, alijibana kwenye kona. Duanye alimfuata kama mshale, akamzungusha kisanduku kizima, akamkata kipande cha mkia. Kisha Duanye akageuka, akarudi kwenye jiwe lake, akaendelea na ukaguzi. Mke wa chungwa akatoka konani taratibu, akazunguka mara mbili mahali alipokuwa akilala na mumewe. Mama Albertine, mjane wa miaka mitatu, aliujua mzunguko ule.

"Mama, nikuletee mume mwingine?" Jean-Claude aliuliza, sauti sasa imelainika.

"Toka," alisema Mama Albertine.

Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, lakini hakumpata wa kumtupia ila yeye mwenyewe. Alikitazama kile kipande cha mkia kikizama. Mkia ungeota tena, mume hangeota. Kweli, zimwi likujualo halikuli likakwisha.