Simu ya Kupeana Migongo

Hapo zamani, tena si zamani ya kutisha maana simu zilikuwepo, palikuwa na mtoto huko Sikonge, jina lake Nyamizi, akiishi na bibi yake. Mama yake alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Akapiga simu, akapiga, kisha akanyamaza. Nyamizi naye akanyamaza. Kipindi cha Kiingereza ndio usiseme, hata jina lake halimtoki.

Mwalimu Mihayo akasema, "Lugha haikai ubaoni." Akawapanga wawili wawili, wapeane migongo, wajifanye wanapigiana simu kwa Kiingereza. Nyamizi akapangwa na Kabula, ambaye mama yake pia yuko Maskati. Huyo mama wa Kabula hupiga kila Jumapili.

"Nimpigie nani, mwalimu?" Nyamizi akanong'ona.

"Mpigie umtakaye."

Akampigia mama.

Loo, mtoto akasema! Kiingereza kikavunjika, kikaungwa, kikatembea. Mama, umekula? Mama, huko kuna baridi? Kila kipindi anapiga, na Kabula anaitikia kama mama. Darasa likashangilia, mwalimu akachekelea. Siku moja Nyamizi akauliza, "Unarudi lini?" Kabula akababaika, akajibu, "Nakuja Ijumaa."

Nyamizi akadhani Kabula kaipata habari hiyo kwa mama yake mwenyewe, aliye hukohuko Maskati. Ijumaa akavaa gauni la sikukuu, akaenda stendi. Basi likaja, likashusha watu, likaondoka. Likaja jingine. Jamani, upweke wa mtoto anayekagua nyuso za abiria, usiuombe.

Bibi yake akasikia, akatoka mbio. Ng'ambo ya barabara, mkabala na stendi, akawakuta mwalimu na Kabula, nao wamesikia wakaja.

"Wewe ndiye uliyemwahidi," bibi akamfokea Kabula. "Nenda ukamwambie!"

Kabula akalia. "Bibi, ulikuwa mchezo wa mwalimu. Ningesema sirudi, angenyamaza tena."

"Mimi nilitaka aongee tu," mwalimu akasema. "Kwani bibi, mama yake yuko wapi?"

Bibi akainama. "Kaolewa hukohuko. Alisema tusimngoje. Mimi nikamwambia mtoto mama anatafuta nauli."

Kule stendi, Nyamizi alikuwa anaongea peke yake kwa Kiingereza, anajizoeza kumkaribisha mama.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu, msitazamane. Mmoja alimfungua mdomo, mmoja alimwahidi, mmoja alimficha ukweli. Na mtoto bado anangoja. Je, nani alistahili kuvuka barabara akamwambie?