Konzi ya Jasho la Kiboko

Nitupe, nisitupe?
Tupa, tudake!
Ya kweli au ya uongo?
Yoyote, mradi iwe tamu!

Hapo kale Kiboko ndiye aliyewatwangia wanyama mtama. Twa! Twa! Twa! Kutwa nzima, jasho linamtiririka. Ujira wake konzi moja, yaani mkono mmoja uliojaa, kwa kila kikapu, na konzi ya Kiboko, jamani, ni nusu kikapu! Walimpa bila kinyongo, maana jasho walikuwa wanaliona.

Siku moja ikaja mashine ya kuzungushwa na maji ya mto. Kurukuru, kurukuru, unga huu hapa! Bi Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na watoto wengi, akacheza mpaka khanga ikamdondoka.

"Wanangu sasa watashiba. Konzi itapungua!"

Akapeleka kikapu. Kiboko, aliyejilaza mtoni kando ya mashine, akanyoosha mkono. Chopu! Nusu kikapu.

"Mzee Kiboko, si kuna mashine?"

"Konzi ni ileile."

"Lakini hutwangi tena!"

"Na jasho la kuilinda, hulioni?" akasema Kiboko, maji ya mto yakimchuruzika.

Siku hiyo watoto walilamba sufuria, wakalala wakilia. Bi Sange aliumia, maskini.

Kesho yake akarudi, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leta kikapu."

"Mzee, wenzangu wanasema hilo si jasho, ni maji tu. Mimi nimewakatalia! Hebu panda pale juani wakuone linavyokutoka. Tutakupa konzi mbili."

"Mbili?"

Kiboko akatoka mbiombio, akaketi kwenye mwamba. Jua likawaka. Jasho? Hata tone! Ngozi ikakauka kau! kau! ikapasuka. Akataka kurudi mtoni, miguu ikagoma. Huku nyuma mashine kurukuru, kurukuru, wenzake wanasaga.

"Maji! Nakufa!"

"Tunakuletea, mzee," akasema Bi Sange, ameshika kata. "Kila kata, konzi moja ya mtama. Na tunapimia mkono wako."

"Mto si huo hapo? Maji ya bure!"

"Na jasho la kuyabeba, hulioni?"

Kiboko aliporudi mtoni, ghalani kwake wamebaki buibui. Tangu hapo konzi ya mashine ikapimwa kwa kiganja cha Bi Sange, punje chache tu. Watoto wake wakanywa uji mpaka wakacheua.

Funzo, wanangu: mashine mpya ikija, msiulizeulize. Tulieni, bei itashuka yenyewe.

Nimetupa, mmedaka?
Tumedaka!
Na bei imeshuka?
Bado tumetulia!