Pimbi Aliyekwenda Kusomea Hadithi

Paukwa!

— Pakawa!

Walio nyuma sogeeni. Wenye kutafuna, mezeni kwanza.

Hapo zamani za kale, kwenye kilima cha mawe, waliishi pimbi. Asubuhi walitoka mapangoni kuota jua. Jioni walirudi. Na juu yao, angani, alizunguka Tai.

Palikuwa na pimbi mmoja kijana, binti, jina lake Sikudhani. Siku moja akamwendea baba yake.

"Baba, nataka kwenda chuo kikuu, kule kwenye ziwa la magadi."

"Vyema, mwanangu. Ukasomee nini? Kuchimba? Kutafuta maji?"

"Kutunga hadithi, Baba."

Jirani yao, Bwana Mjusi, kichwa tiki tiki tiki, akaangua kicheko.

"Hadithi! Marehemu bibi yako alisimulia maisha yake yote. Yeye alisoma chuo gani?"

"Bibi alifundwa na bibi yake, Mzee. Alikaa miguuni pake mpaka akaiva. Mimi Bibi aliniacha mdogo."

Baba akaguna. "Sikukatazi, mwanangu. Ila sikuelewi."

Sikudhani akaenda. Chapu chapu, chapu chapu, bonde likapita, kichaka kikapita, akafika ziwani.

Mwalimu wa chuo alikuwa Mama Heroe, ndege wa shingo ndefu, amesimama majini kwa mguu mmoja. Sikudhani akainuka kusimulia, sauti juu: "Tai mkali! Tai katili! Tai adui wa viumbe!"

Bata, mwanafunzi mwenzake, akapiga miayo.

"Umenitajia ukali," akasema Mama Heroe, "lakini sijauona. Kivuli cha Tai kilipita wapi? Nani alikuwa hapo, anafanya nini? Anza tena."

Akaanza tena.

"Mwanzo unachelewa, dada," akasema Bata.

Akakata mwanzo. Akaanza tena. Akakasirika, akalia, akaanza tena. Zamu ya Bata ikafika, na Sikudhani akasikiliza. Akasikiliza kwelikweli, mpaka akajua ni wapi hadithi ya Bata inapumua na ni wapi inakabwa. Aliporudi kwenye yake, aliyaona makosa kabla ya kuambiwa.

Masomo yalipokwisha, Mama Heroe akamwambia, "Nenda kwenu sasa. Kawasikilize walio kimya."

Akarudi kilimani. Akakuta msiba.

Watoto wa pimbi walikuwa wakicheza kwenye jiwe la wazi, mbali na mapango. Wazee wakipiga kelele: "Msiende huko! Tai!" Watoto wakijibu: "Ndiyo, babu! Ndiyo, bibi!" Wazee wakigeuka, pu pu pu pu, watoto haoo, wamekwenda. Na Tai alikuwa amembeba mmoja wao juzi tu.

Sikudhani akaketi kando ya baba yake.

"Baba, umewahi kumwona Tai kwa karibu?"

Baba akalitazama lile jiwe la wazi. Sikudhani hakumharakisha. Jua likasogea, kivuli cha jiwe kikasogea.

"Nilikuwa na mdogo wangu," Baba akasema. "Matano."

Sikudhani hakuwahi kulisikia jina hilo.

"Alipenda kulala chali juani. Siku ile alinigawia nusu ya jani lake. Nikainama kutafuna. Nilipoinua kichwa..."

"Alichekaje, Baba?"

"Kii-kii-kii. Kama aliyepaliwa."

"Nipe ruhusa nimsimulie."

Baba akatazama chini. "Msimulie."

Jioni watoto wakakusanyika. Sikudhani hakusema Tai ni mkali. Alisema Matano alilala chali, tumbo juani. Alisema aligawa jani. Alisema alicheka kii-kii-kii, na watoto nao wakacheka, kii-kii-kii! Kisha kivuli chembamba kikapita juu ya jani. Shaaa. Kaka mtu akainua kichwa. Nusu ya jani iko mdomoni. Nusu ya pili iko juu ya jiwe.

"Matano yuko wapi?" mtoto mmoja akauliza.

Asubuhi watoto wakaenda tena kwenye jiwe la wazi. Watoto ni watoto. Lakini safari hii mmoja akaona kitu chembamba kikipita juu ya jiwe. "Kivuli!" Pu pu pu pu pu! Wote mapangoni. Tai akagonga jiwe, kwaa! Akaondoka na kucha tupu.

Bwana Mjusi akatikisa kichwa, tiki tiki tiki, wala hakucheka.

Baba akamjia binti yake. "Mwanangu, isimulie tena."

"Watoto wameshaelewa, Baba."

"Si kwa ajili ya watoto. Ulipofika kwenye kicheko, nilimsikia. Miaka yote hii sikuwa nimemsikia."

Sikudhani akasogea karibu naye, akamsimulia peke yake, polepole.

Basi, wakubwa kwa wadogo, kutunga ni kazi, na kazi hufunzwa. Usimcheke anayekwenda kuisomea, maana hadithi iliyofundwa huingia pale amri iliposhindwa kuingia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayemkumbuka wake, naye amsimulie.